Uliuza kwa Wakati? Hesabu ya Hisa Uliyoiacha

Mhadhara kwa wanahisa wadogo wa Kibaha na Kisarawe



Mtu akisema "mimi hisa zangu niliuza mapema", huku kwetu hakuna anayembishia. Bei ikishashuka, aliyeuza kabla anaonekana ameona mbali. Ikipanda, husema hela ilikuwa na shughuli zake, na mazungumzo yanahamia kwingine. Kwa namna hiyo kila aliyeuza hubaki sahihi, na hakuna anayejifunza lolote. Jambo hili linaniuma, kwa sababu hisa zinazozungumzwa si za matajiri. Ni za mwalimu aliyekatwa mshahara miezi kadhaa ili anunue, na za mama aliyeuza ng'ombe. Watu hawa wanastahili kujua kama uamuzi wao uliwalipa.

Hoja yangu ni moja. Kuuza hisa kwa kufuata ishara ya soko ni nusu ya tendo. Nusu ya pili ni hela ilikokwenda na siku uliyorudi, au uliyokataa kurudi. Anayeihukumu nusu ya kwanza peke yake hajahukumu kitu.

Tuchukue mfano mnaoujua wengi wenu. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara Aprili 1998 likiwa na kampuni moja tu, TOL. Benki ya NMB iliorodheshwa Novemba 2008 baada ya hisa zake kuuzwa kwa shilingi 600. CRDB ikafuata Juni 2009, hisa moja ikiuzwa shilingi 150. Mwaka 2014 serikali iliondoa ukomo wa asilimia 60 uliokuwa umewekwa kwa wawekezaji wa nje, hela za kigeni zikaingia, bei zikapanda. Mwaka 2015 CRDB ikawauzia wanahisa wake hisa mpya kwa shilingi 350 kila moja, na wengi walizilipia wakiwa na furaha.

Kisha ishara zikaanza kujipanga. Serikali ilihamisha fedha za taasisi zake kutoka benki za biashara kwenda Benki Kuu. Mikopo isiyolipika iliongezeka hadi ikapita asilimia 10 ya mikopo yote ya mabenki. Oktoba 2016 Benki Kuu ikaichukua Twiga Bancorp, na Januari 2018 ikazifunga benki tano ndogo kwa mkupuo. Wanaochora grafu waliona bei ya CRDB ikishuka chini ya wastani wake wa miezi kumi iliyopita, nayo ni ishara inayotumika sana duniani. Ikishuka chini ya wastani, uza. Ikipanda juu yake, nunua tena.

Sasa tumweke muuzaji wa mfano. Ana hisa 10,000 za CRDB. Mwishoni mwa 2016 ameiona ishara, na tuseme ameuza kwa shilingi 250. Gharama za dalali, soko na mamlaka inayolisimamia kwa pamoja ni kama asilimia 2, kwa hiyo mkononi anapata shilingi 2,450,000. Jirani yake mwenye hisa 10,000 kama yeye hakuuza. Kila mmoja ana daftari lake.

Kabla ya kupiga hesabu, tuliondoe jambo moja njiani. Wote wawili walinunua kwa 350. Muuzaji atalalamika kwamba amepata hasara ya shilingi 100 kwa kila hisa, na jirani atajisifu kwamba "hajapata hasara maana hajauza". Kauli zote mbili hazitusaidii. Siku ya kuuza, bei ya kununulia imeshapita kwa wote wawili, haiwezi kurudishwa na yeyote kati yao. Swali ni hela hii iliyopo leo itakaa wapi kuanzia kesho. Nimeona watu wakishikilia hisa miaka mingi kwa kuisubiri bei waliyonunulia, na wengine wakiuza kwa haraka kwa sababu tu bei imeipita. Wote walikuwa wakiitazama namba ambayo soko haliijui.

Muuzaji wetu alipeleka hela yake kwenye hatifungani ya serikali ya miaka 20, ambayo wakati huo ilikuwa na riba ya asilimia 15.49 kwa mwaka, isiyokatwa kodi. Tuseme aliinunua kwa thamani yake iliyoandikwa, na riba aliiweka bila kuizungusha. Jirani naye tuseme aliyaweka magawio yake vivyo hivyo, baada ya kukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5 inayotozwa kwa kampuni zilizoorodheshwa. Wote tuwapime kwa namna moja. Ukimruhusu mmoja azungushe faida na mwingine ukamzuia, umeshaamua nani ashinde kabla hujaanza.

Mwishoni mwa 2019 hisa ya CRDB ilikuwa shilingi 95. Jirani alikuwa amepokea gawio la shilingi 10, kisha 5, kisha 8 kwa kila hisa. Jumla ya mali yake, hisa na magawio, ni 1,168,500. Muuzaji ana mtaji wake pamoja na riba ya miaka mitatu, yaani 3,588,515. Amemzidi jirani mara tatu. Siku hiyo ukiuliza mtaani, ishara ililipa, tena sana.

Sogea hadi mwishoni mwa 2022. Benki ilikuwa imepona, faida imekua, gawio limepanda hadi 17, 22, kisha 36. Hisa ni shilingi 380. Jirani ana 4,731,000. Muuzaji ana 4,727,030. Wako sare, tofauti haifiki shilingi elfu nne. Na kwa haki ya muuzaji niseme kwamba mwaka huo serikali ilishusha riba ya hatifungani mpya za miaka 20 hadi asilimia 12.10, kwa hiyo hatifungani yake ya zamani ingeuzika kwa zaidi ya thamani iliyoandikwa. Mizani ingemwelemea yeye kidogo.

Sogea mwaka mmoja tu zaidi. Mwishoni mwa 2023 hisa ni shilingi 460, na gawio la 45 limeshalipwa. Jirani ana 5,958,500, muuzaji ana 5,106,535. Mwaka uliofuata hisa ikavuka 600, na pengo likazidi kupanuka.

Ndugu zangu, uamuzi ni uleule mmoja, wa siku moja, kwa bei moja. Mwaka 2019 ulikuwa wa busara, 2022 ulikuwa sare, 2023 ulikuwa kosa. Kwa hiyo mtu akikwambia "niliuza, ikanilipa", muulize: hadi lini? Kama siku ya kupima haikutajwa kabla, mpimaji ataichagua siku inayompendeza. Aliyeuza atasimulia ya 2019, aliyeshikilia atasimulia ya 2023, na wote watakuwa wanasema kweli.

Halafu kuna nusu ya pili ya ishara, ambayo ndiyo watu huisahau. Ishara ya wastani wa miezi kumi haisemi "uza ukapumzike". Inasema uza, kisha ununue bei ikirudi juu ya wastani. Tumrudishe muuzaji wetu sokoni. Tumwache hata riba zake pembeni, arudi na zile 2,450,000 tu. Kama angenunua kwa 95 na kulipa gharama, angepata hisa zaidi ya 25,000 badala ya 10,000. Lakini chini kabisa hakuna anayekupigia kengele. Ishara huja baadaye, bei ikishapanda. Tuseme alirudi kwa 150. Bado angepata kama hisa 16,000. Angekuwa na hisa asilimia 60 zaidi ya jirani, pamoja na riba mfukoni, na kila gawio la 45 lingemwingilia kwa hisa hizo zote. Huyo ndiye ambaye ishara ilimlipa kweli, 2019 na 2023 pia.

Wangapi walirudi? Kumbukeni hali ya 2020. Machi mwaka huo mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa nchini, utalii ukasimama, na habari za mabenki ya miaka iliyotangulia zilikuwa bado zinauma. Hoja zote zilizomfanya mtu auze zilikuwa bado zipo, zingine zimeongezeka. Kununua tena kulihitaji moyo mgumu kuliko kuuza. Nadhani hapo ndipo wengi wanapopoteza. Kuuza hufanyika kwa hofu, na hofu ina nguvu. Kurudi hufanyika kwa kufuata kanuni uliyoiandika, na wengi hawakuandika.

Sasa tuje nyumbani. Hapa Kibaha na kule Kisarawe, hela ya hisa mara nyingi haiendi kwenye hatifungani. Inaenda kwenye kiwanja. Mtu ameuza hisa, amenunua eneo Visiga, Soga au pembeni ya Kisarawe mjini, na leo anasema kiwanja kimepanda mara nne, kwa hiyo kuuza hisa kulikuwa uamuzi bora. Nampongeza kwa kiwanja. Lakini amechanganya maamuzi mawili. Ishara ya soko ilimwambia CRDB itashuka. Haikumwambia lolote kuhusu reli. Ujenzi wa reli ya kisasa ulizinduliwa Pugu mwaka 2017, treni za abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro zikaanza Juni 2024, zikiwa na vituo Soga na Ruvu, na bandari kavu ya Kwala imewafanya wengi waitazame ardhi ya Kibaha kwa jicho jipya. Sifa za kiwanja apewe yeye kwa kuchagua kiwanja. Ishara isipewe sifa ya kazi ambayo haikuifanya. Ukiipa, mwaka ujao utaifuata tena ukidhani ina uwezo iliokuwa haina, na safari hiyo hela itaenda mahali pasipo na reli.

Tena kiwanja chenyewe kipimwe kwa haki. Bei ya "mara nne" ni bei gani? Mara nyingi ni ile aliyoitaja jirani anayeuza chake, ambacho bado hajakiuza. Ondoa gharama za upimaji, hati, fensi na mlinzi. Ondoa udalali. Kumbuka kwamba kwa miaka yote hiyo hakikuleta kodi wala gawio, na kwamba ukihitaji ada Januari huwezi kuuza kona moja ya kiwanja kama unavyouza hisa 500. Inawezekana baada ya yote hayo bado kiwanja kikashinda. Basi kishinde kwa hesabu.

Wakulima wa korosho wa Kisarawe wanaijua tofauti ya bei inayotajwa na hela inayoshikwa. Oktoba 2018, katika ukanda wa korosho, wakulima walikataa bei za mnada zilizokuwa kati ya shilingi 1,900 na 2,700 kwa kilo. Novemba serikali ikatangaza kununua kwa 3,300. Kwa namba tupu, kukataa kulilipa. Lakini wapo waliosubiri malipo hadi 2019, na kwa mwenye deni la pembejeo, shilingi inayokuja baada ya miezi mingi si sawa na ya leo. Hukumu yake inategemea siku hela ilipoingia mkononi.

Kwenye hisa ni vilevile. Soko letu ni jembamba. Bei iliyoandikwa ubaoni ni ya mara ya mwisho mtu alipouziana na mwenzake, na yawezekana ni ya wiki iliyopita. Hisa ya NMB ilikaa kwenye shilingi 2,340 kwa muda mrefu sana. Mstari wa wastani ukawa umelala, na ishara haikuwa na la kusema. Anayejipima atumie bei aliyoipata kweli, siku aliyoipata kweli, baada ya makato, si bei aliyoiona kwenye simu asubuhi aliyompigia dalali. Kuhusu mfumuko wa bei msisumbuke sana katika hesabu hii. Madaftari yote mawili yako kwenye shilingi ileile na siku ileile, kwa hiyo unayala yote kwa kiasi kilekile. Hautabadilisha mshindi.

Nataka niwapeleke mbali kidogo, kwa sababu swali hili la kama ishara hulipa lina historia ndefu. William Peter Hamilton alikuwa mhariri wa gazeti la Wall Street Journal huko New York mwanzoni mwa karne iliyopita. Kwa zaidi ya miaka 20 aliandika tahariri za kutabiri mwelekeo wa soko. Mwaka 1933 mtafiti Alfred Cowles alizichambua. Alikuta matabiri 90 ya kubadili mwelekeo: 45 yalifaulu, 45 hayakufaulu. Aliyemfuata Hamilton angepata kama asilimia 12 kwa mwaka, wakati aliyekaa kimya na hisa zake alipata asilimia 15.5. Hukumu ikatoka, Hamilton hakusaidia mtu. Ikakaa hivyo miaka 65.

Mwaka 1998 watafiti watatu, Brown, Goetzmann na Kumar, waliyafungua tena mafaili hayo. Waliuliza swali ambalo Cowles hakulipima: mfuasi wa Hamilton alibeba hatari kiasi gani? Kuna vipindi alikuwa nje ya soko, au ndani kwa sehemu tu, kwa hiyo mitikisiko iliyomfikia ilikuwa midogo. Ukilinganisha mapato na hatari, Hamilton alionekana ana ujuzi wa kweli. Matabiri ni yaleyale, na hukumu ni mbili tofauti.

Wengine watasema hayo ni ya wasomi. Hapana, ni ya mwalimu wa Kibaha mwenye mtoto anayeingia chuo mwaka 2019. Jirani wa mfano wetu alishinda mwaka 2023 kwa sharti kwamba aliweza kuvumilia hisa ikishuka kutoka 250 hadi 95 bila kuhitaji hela. Kama ada ingedaiwa Oktoba 2019, angeuza kwa bei hiyo ya chini, na ule ushindi wa baadaye ungekuwa wa mtu mwingine, yule aliyemuuzia. Kwa familia yenye tarehe ya kuhitaji hela, kuuza kwa 250 kulikuwa sahihi hata kama hisa ingepanda kesho yake. Kuuza huko kulikuwa bima, na bima hailaumiwi kwa sababu nyumba haikuungua. Lakini aliyeuza hivyo naye asiseme aliuza kwa ishara. Aliuza kwa ajili ya ada, na alikuwa na haki.

Jambo la mwisho ni zito, na wengi hawapendi kulisikia. Hata ukizipima njia mbili kwa haki, hadi siku uliyoitaja, tukio moja halithibitishi ishara. William Sharpe, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1990, alipiga hesabu mwaka 1975 kwamba mtu anayeingia na kutoka sokoni anahitaji kuwa sahihi karibu mara tatu kati ya nne ili amzidi anayetulia. Mtafiti Terrance Odean alizichunguza akaunti 10,000 za wawekezaji wa Marekani, na mwaka 1999 akaonyesha kwamba hisa walizouza zilikuja kufanya vizuri kuliko walizonunua badala yake, kwa zaidi ya asilimia 3 ndani ya mwaka mmoja, kabla hata ya kutoa gharama.

Hapa kwetu ushahidi upo mlangoni. Habari mbaya za mabenki zilizomfanya mtu auze CRDB zilihusu sekta nzima. Aliyeuza NMB kwa 2,340 mwishoni mwa 2019 kwa hoja hizohizo aliacha magawio ya 96, 137, 193, 286 na 361 yaliyolipwa miaka mitano iliyofuata. Baada ya kodi ni zaidi ya shilingi 1,000 kwa kila hisa, na mwaka 2024 hisa yenyewe ilikuwa imevuka 5,000. Hatifungani isingemfikisha huko. Ukizisifu habari hizo kama ishara kwa CRDB ya 2019, huna budi kuziandikia deni la NMB pia. Na uziandike zile mara ambazo ishara ilisema uza nawe hukuuza, maana hizo ndizo zinazosahaulika kwanza.

Kwa hiyo kabla ya kumpigia dalali, chukueni karatasi. Andikeni ishara iliyowashawishi kwa maneno ya wazi kiasi kwamba mtu mwingine akiisoma atajua imetokea au haijatokea. Andikeni hela inakwenda wapi, na bei au hali itakayowarudisha. Andikeni tarehe ya kupima, iwe mbali vya kutosha: miaka mitatu, au mitano. Kama mnauza kwa sababu ya ada, ugonjwa au ujenzi, andikeni hivyo, wala msitafute grafu ya kuwatetea.

Na ninyi mliouza 2016, 2017 au 2018 bila karatasi, bado hamjachelewa kabisa. Taarifa za kila mauzo zipo kwa dalali wenu. Magawio ya kila mwaka yamechapishwa kwenye ripoti za benki hizo. Tatueni lile la siku ya kupima kwa kupima kila mwisho wa mwaka tangu mlipouza, yote bila kuruka, mkiweka daftari la aliyeuza na la aliyebaki bega kwa bega. Kikundi kinachoanza kazi hiyo kianze na muuzaji mmoja aliye tayari kulifungua daftari lake mbele ya wenzake, na mmoja ambaye hakuuza. Nimekuja na karatasi zenye mistari, ziko mezani pale karibu na mlango, na nitabaki hapa hadi jioni kwa yeyote anayetaka tuanze naye.